Jogoo wa Mgonjwa Namba Tisa

Kidonge kikikaa shavuni bila kumezwa huanza kutoa uchungu ukifika hesabu ya kumi na tano. Ukifika ishirini, ulimi unatafuta mlango wa kutokea. Mimi nilikuwa nafika hamsini, huku natabasamu, huku nasimulia.

"Basi lile robota la pamba," nilikuwa nawaambia wenzangu Jumatatu ile, "likameza baiskeli ya msimamizi. Nzima, na kengele yake. Tukalifunga, tukalipakia, likaenda zake ng'ambo. Miezi sita baadaye tunaletewa barua. Pamba yenu nzuri, wanasema, ila kila shati tuliloshona linalia kring kring likipanda mlima."

Walicheka. Kicheko cha watu wenye mapafu mabovu kina mkia mrefu wa kikohozi, kwa hiyo baada ya kila hadithi yangu ghala zima lilikohoa kwa dakika nzima, na katika makelele hayo mimi niligeuka upande, nikakitema kidonge kwenye leso, nikakunja leso, nikatia mfukoni. Nani atamwangalia mzee anayejifuta mdomo?

Ghala lenyewe lilikuwa la jineri ya Nyamigolo, pale pale tulipofanya kazi ya kuchambua pamba mpaka ikafungwa. Serikali ililipaka chokaa, ikaweka mabenchi, ikaliita Kituo cha Pumzi. Ukutani, palipokuwa na saa ya kuingilia kazini, waliweka sanduku la kijivu lenye mrija. Jina lake la vitabuni lilikuwa refu na la kuchosha. Sisi tulimwita Bi Pua.

"Mgonjwa namba tisa," alisema Bi Pua, kwa sauti ya mwanamke wa Pwani ambaye hajawahi kula vumbi maishani mwake. "Karibu. Puliza."

Nikapuliza. Taa ya kijani ikawaka.

"Ahsante. Dozi imepokelewa."

Nimekuwa fundi wa mashine miaka thelathini na mmoja, na sijasomea chuo chochote. Mashine nimezisoma kwa kuzifungua. Wiki ya kwanza tu nilishamjua Bi Pua. Alikuwa ananusa mambo mawili: wewe ni nani, na umemeza nini. La kwanza alilijua kwa harufu ya vidudu vilivyomo kifuani, maana kila kifua kikongwe kina ukoo wake wa vidudu, na ukoo huo una harufu yake kama vile kila zizi la ng'ombe lina harufu yake. La pili alilinusa mdomoni. Mdomoni, si kwenye damu. Hapo ndipo palipokuwa na tundu, na mimi panya sijawahi kupita tundu bila kuchungulia.

Kitu kimoja hakukijua: vidudu vyako vimejifunza nini. Hilo lilitaka makohozi kwenye kikopo na maabara ya mkoa, kila baada ya miezi mitatu.

*

Lazima nieleze zizi, la sivyo utaniona mtundu tu, na mimi nilikuwa zaidi ya hapo.

Zamani zile dawa za kuua vidudu zililiwa kama karanga. Mtu akipiga chafya, anameza viwili. Akipata nafuu, vilivyobaki anampa shemeji. Vidudu vikasoma, vikahitimu, dawa zikawa chaki tupu. Zilizobaki hai duniani zikahesabika kwa vidole, zikawekwa chini ya ulinzi kama pembe za faru.

Moja katika hizo tulipewa sisi, watu wa vumbi. Haikuwa ya kutuponya. Pamba ilishatuchana mapafu, na pafu lililochanika halishonwi. Ilikuwa ya uzio. Kidonge kimoja Jumatatu, kimoja Jumatano, kimoja Ijumaa, maisha yako yote, ili vidudu vilivyojikalia ndani vitulie, visivunje boma. Vikivunja, kifua kinawaka moto: homa, makohozi ya kijani, na kila moto unaondoka na kipande cha pafu ambacho hakirudi.

Sharti lake ni kwamba uzio ni wa watu kumi. Tulikuwa tunakoholeana, tunakula pamoja, vidudu vyetu vinatembeleana. Kwa hiyo kumi wanameza pamoja, mbele ya Bi Pua, na kidudu cha mmoja kikijifunza kuruka uzio, dawa inafungwa kwa wote kumi mpaka ijulikane kimejifunzia wapi. Karatasi za serikali zilituita Kundi la Pumzi. Sisi ni Wasukuma, tuliita Zizi.

Karatasi hizo hizo zilisema, mstari wa nane, kwamba dawa huweza kudhuru masikio, na anayeona mabadiliko aseme.

Mimi niliona mabadiliko mwaka wa pili. Kwanza nyenje wakaanza kulia kichwani, kiangazi na masika. Kisha ndege wadogo wakaacha kuimba. Nilidhani wamehama.

Sasa, masikio yangu hayakuwa masikio ya mtu hivi hivi. Jineri nzima ilijua kwamba Nkwabi Lushinge hafungui mashine kabla hajaisikiliza. Hata baada ya kustaafu, mashine ya kusaga ikigoma kijijini, walikuwa wananiita nikaisikilize. Nafumba macho, nainamisha kichwa, nasema, "Beringi ya kushoto, inalia njaa ya grisi." Wanaifungua, ni hiyo. Kijiji kilinicheka kwa uongo wangu, lakini kwa masikio yangu kiliniamini. Ndicho kitu pekee kwangu kilichoaminiwa.

Kila mwezi Nesi Eliwaza, binti wa Kipare mwenye subira ya punda, aliniuliza, "Masikio vipi, Mzee?"

Ningesema tu. Wangenipunguzia, wangenibadilishia siku, wangenitafutia njia. Nilikuja kujua baadaye kwamba watu wawili wa Zizi letu walikuwa wamesema, na wamepunguziwa, na hakuna aliyewacheka.

"Nesi," nilimjibu, "nasikia nyasi zikiota."

Nikaanza kutema. Si zote. Kifua kikiwaka nilimeza viwili vitatu, kikipoa naacha. Ukitaka kumfundisha ng'ombe kuruka uzio, usiuondoe uzio. Uinue leo, ushushe kesho, uinue keshokutwa. Hilo nalo nilielezwa baadaye.

*

Vidonge nilivyotema sikuvitupa. Mtu aliyelelewa na mama yangu hatupi dawa.

Nilikuwa na kuku. Kopo lao la kunywea lilikuwa sufuria kuukuu lisilo na mkono, chini ya ngazi ya kihenge. Kila nikirudi kituoni nilikung'uta leso humo: kidonge, mate, na chochote kilichotoka kifuani pamoja nacho. Mafua ya kuku yalipita Nyamigolo mwaka ule, yakasafisha mabanda ya watu. Langu likabaki linawika. Nilikuwa na jogoo mwekundu, kifua kama ngoma, ambaye nilimpa cheo cha Meneja.

"Kuku wako unawapa nini?" aliniuliza Mihambo, aliyekuwa mlinzi wa lango la jineri na sasa ni namba mbili wa Zizi.

"Nawasimulia hadithi."

Na ninayetaka kumtaja hapa ni Minza, namba nne. Minza alikuwa mlishaji. Miaka ishirini na mitatu alisimama kwenye mdomo wa mashine akiisukumia pamba kwa mikono. Vumbi langu mimi fundi lilikuwa la kupita. La kwake lilikuwa la kukaa. Kabla ya Zizi alikuwa analazwa mara nne kwa mwaka, na kila akitoka alikuwa mfupi wa pumzi kidogo zaidi, kama mtu anayepunguziwa nguo na fundi mchoyo. Tangu aanze dawa alikuwa na miaka mitatu bila kuona kitanda cha hospitali. Alikuwa amerudi kulima mchicha. Alikuwa ameanza kuimba tena, ubeti mmoja mmoja.

Marehemu mume wake alicheza ngoma upande wa Wagalu, mimi nilicheza upande wa Wagika, na wachezaji wa pande hizo mbili hawajawahi kupatana tangu dunia iumbwe. Kwa hiyo matusi kati yetu yalikuwa halali. Siku nilipompelekea tetea mwekundu, binti yake Meneja, alimshika miguu, akampima.

"Mgika hatoi kitu bure," alisema. "Huyu ana ugonjwa gani?"

"Na Mgalu hakatai kitu cha bure. Mpe mahindi."

Alimlaza chini ya kitanda chake, kama watu wanavyofanya kuku wakiwa wachache na vicheche wakiwa wengi. Asubuhi alikuwa anafagia kinyesi kikavu kwa ufagio mfupi, ameinama, anavuta lile vumbi.

Nilimpa kwa moyo mweupe. Nalisema hili kwa sababu ni kweli, na halinisaidii kitu.

*

Majibu ya makohozi yalikuja Alhamisi. Nesi Eliwaza alituita sote kumi, akatukalisha kwenye mabenchi, na hakukaa yeye.

"Dawa imefungwa kuanzia leo," alisema. "Vidudu vya watu wawili vimejifunza kuruka. Namba nne na namba tisa."

Hakuna aliyekohoa. Hapo ndipo ujue watu wameogopa.

"Hivyo vilivyojifunza ni vya ukoo mmoja, ingawa vifua vyao vina vingine vingi vya kuwatofautisha. Maana yake mmoja amemfundishia mwenzake. Aliyefundisha tunamwita mwalimu. Mwalimu anatoka Zizini, anakwenda hospitali ya mkoa, anapigwa sindano za dawa ya mwisho kila siku kwa miezi minne. Aliyeambukizwa atatumia vidonge vingine wiki mbili nyumbani, basi. Na mkishampata mwalimu, nyinyi nane mnafunguliwa dawa ya pili."

"Na tusipompata?" aliuliza Mihambo.

"Mtakaa bila uzio. Na upepo wa vumbi huo unakuja."

Aligusa kioo cha Bi Pua. Rekodi zikatoka.

"Kidudu hujifunza dozi zikikatika. Namba tisa: dozi mia nne sitini na nane. Hajakosa hata moja."

Watu waligeuka kunitazama. Kisha, sijui nani alianza, wakanipigia makofi. Kweli nakwambia. Mihambo alinipiga begani. Na mimi, kichwa changu kikainama kwa unyenyekevu, kama kichwa cha mtu anayepokea nishani.

"Namba nne: amekosa tatu. Mwezi wa sita."

"Nilikuwa Meatu," alisema Minza. "Msiba wa dada." Alivuta pumzi. "Nilikaa wiki."

"Najua, mama. Siyo kosa la makusudi."

"Dozi tatu tu."

"Zinaweza kutosha," alisema Nesi. Halafu nilimwona akikunja karatasi ambayo haikuhitaji kukunjwa. "Kuna jambo jingine. Sindano zile hula masikio, na hula figo. Figo zako, Mama Minza, daktari amesema hazina akiba. Atajaribu dozi ndogo. Gari litakuja Ijumaa ijayo."

Kila mtu pale alielewa maana ya kujaribu. Mimi nilielewa zaidi ya wote. Mdomo wangu, ambao umesema kila kitu tangu ulipoota meno, ulifungwa kama robota. Nilijiambia: labda kweli ni yeye. Labda ni zile tatu. Nikaenda nyumbani, nikakung'uta leso juu ya sufuria la kuku kwa mazoea, na leso ilikuwa kavu.

*

Jumanne asubuhi Minza alikuja kwangu.

Kutoka kwake hadi kwangu ni mwendo wa dakika tano kwa mtu mwenye mapafu. Yeye alitumia karibu saa nzima. Nilimwona tangu kwenye ua wa minyaa, anatembea hatua kumi, anasimama, anashika magoti, anatembea hatua nane. Kichwani alikuwa na ungo mdogo uliofunikwa kanga. Siku tano bila dawa, na kifua chake kilishaanza kunung'unika. Hata mimi na masikio yangu nilikisikia.

"Karibu, Mgalu," nilisema. "Mbona umebeba nyumba?"

Hakujibu utani. Alikaa kwenye kigoda, akauweka ungo kati yetu, akafunua. Ilikuwa michembe, viazi alivyovianika mwenyewe, vikavu, vyeupe, vimepangwa vizuri kama vya mkwe.

"Nimepita kwa wote," alisema. Alikuwa anasema maneno matatu, anapumzika. "Kwa Mihambo. Kwa wote wanane. Wewe ndiye wa mwisho."

"Kwa nini?"

"Nimewaharibia dawa."

Meneja aliwika nyuma ya kihenge. Alikuwa na tabia ya kuwika wakati mbaya.

"Kwako ndiyo nimeona aibu zaidi," aliendelea. "Wewe umemeza zote. Hukukosa moja. Mimi nikaenda msibani, nikasahau kopo la vidonge vya safari mezani. Nikasema, siku saba ni nini. Nikakuletea ugonjwa kifuani." Alishika pindo la kanga. "Nisamehe, Nkwabi. Kabla sijaenda huko kwenye sindano."

Kwetu mtu akija na chakula mkononi kuomba radhi, kuna mambo mawili tu. Unakula, maana yake yamekwisha. Au unafunika ungo, maana yake bado. Hakuna la tatu. Ama kwa kweli lilikuwepo la tatu, nalo lilikuwa kusema sentensi moja ya maneno manne.

Nilichukua kichembe kimoja. Nikakitia mdomoni.

"Yamekwisha, Minza," nilisema.

Alishusha pumzi aliyokuwa ameishika tangu mlangoni, uso ukamlegea kama wa mtoto aliyeogeshwa. Akanishukuru. Akauliza hali ya masikio yangu, maana aliona namtazama mdomo anapoongea. Nikamwambia nasikia nyasi zikiota.

Alipoondoka nilikaa na kile kichembe shavuni. Nilihesabu. Kilikuwa kitamu, cha viazi vya mwaka huu, na sikuweza kukimeza. Nilifika hamsini, nikafika mia, kikalowa, kikajaa mdomo mzima, na nilipokwenda kukitema, miguu yangu yenyewe ilinipeleka mpaka kwenye lile sufuria. Nikasimama juu yake. Chini, kwenye ukoko wa kijani, kulikuwa na vidonge saba vilivyoyeyuka nusu. Meneja akaja mbio kwa kuniona, maana alizoea, akatumbukiza mdomo, akanyanyua kichwa, akanywa.

Akakohoa.

Kuku hakohoi vile. Kilikuwa kikohozi changu.

*

Ijumaa gari lilikuwa limeshafika, jeupe, limeegeshwa palipokuwa mizani ya pamba. Zizi zima lilikuja kumuaga Minza. Alikuwa benchini na kifurushi chake, midomo imeingia rangi ya zambarau, na Nesi alikuwa anamwekea mrija wa hewa puani.

"Siyo yeye," nilisema. "Ni mimi."

Walinitazama.

"Sikuwa nameza. Nilikuwa natema. Mwaka mzima na miezi. Vidonge nilikuwa nawapa kuku."

 Kisha Mihambo akaanza kutetemeka mabega, akashika mbavu, na ghala zima likafuata. Walicheka mpaka wakakohoa, wakakohoa mpaka wakashika mabenchi.

"Kuku," alisema Mihambo, anafuta machozi. "Hii imeshinda ya baiskeli. Na kuku wamepona mapafu?"

"Sitanii, Mihambo."

"Ndiyo unavyosemaga."

Nesi Eliwaza peke yake hakucheka. Alikuja akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na alichofanya kilikuwa kibaya kuliko kicheko.

"Mzee wangu," alisema taratibu, "unataka kumbebea mwenzio. Nimeona wengi, sijaona wenye moyo huo. Lakini rekodi zako ni safi. Sheria hainiruhusu kubadilisha mtu kwa huruma."

Na watu wakaacha kucheka. Wakanitazama kwa macho mengine, macho ya heshima. Mmoja akasema, "Kumbe Mgika ni mtu." Nilikuwa nimekuja kuvua nguo mbele yao na wao wananivika joho. Minza aliinua kichwa, akatabasamu chini ya mrija, akatikisa kidole: usifanye hivyo.

Nilitoka nje nikakimbia. Mzee wa miaka sabini na mbili mwenye nusu ya mapafu hakimbii, lakini nilikimbia. Nilirudi na sufuria mkono mmoja na Meneja chini ya kwapa, anapiga mabawa, manyoya yameniingia mdomoni, na sikuwa na pumzi hata ya kusema hodi.

"Mzee, si leo," alisema Nesi. "Nakuomba."

Nilipita. Nilimshika Meneja shingo na taya kama tunavyowashika wakinyweshwa dawa, nikaupachika mdomo wake kwenye mrija wa Bi Pua, nikamminya kifua kidogo.

Taa ilisitasita.

"Mgonjwa namba tisa," alisema Bi Pua kwa sauti yake ya Pwani. "Karibu. Puliza."

Wawili watatu walicheka. Kicheko kilianza upande wa mlangoni, kikatembea mpaka katikati, kikaishiwa njia. Nikamminya tena.

"Ahsante, namba tisa. Kifua chako kina kelele leo."

Hakuna aliyecheka. Nesi aliuchukua mrija, akaufuta, akamwambia Bi Pua anuse upya. Namba tisa. Akaufuta tena. Namba tisa. Kisha akachungulia sufuria, akachovya kijiti, akakitoa na kidonge kimekwama kwenye ute, bado kina nusu ya ile alama iliyochongwa juu yake.

"Kuku huyu ana watoto?" aliuliza. Hakuniita Mzee.

"Mmoja. Tetea."

"Yuko wapi?"

Sikuhitaji kujibu. Minza alikuwa ameondoa mrija puani. Alikuwa ananitazama, na nilimwona anarudi nyuma kimoja kimoja: ufagio, chini ya kitanda, ungo, kichembe mdomoni mwangu. Alipofika kwenye kichembe alisimama hapo.

"Ulikula," alisema.

Nilisikia vizuri sana.

Waliniingiza mimi kwenye gari. Mihambo ndiye aliyefungua mlango, kazi yake ya zamani. Alizoea kumpigia kila anayepita saluti ya mzaha. Safari hii alishika mlango, akatazama matairi.

*

Dawa ya mwisho huanza na sauti nyembamba. Wiki ya kwanza vijiko viliacha kulia kwenye sahani. Wiki ya nne nikapoteza sauti za watoto, ya saba za wanawake. Wanaume walibaki kama ngoma ng'ambo ya mto. Daktari alinionyesha mchoro wa masikio yangu unavyoshuka, mteremko laini, na akaniuliza kwa maandishi kama nataka kusimamisha. Nikaandika: Endelea. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nameza, kwa namna ya kusema, kila kitu.

Kwa barua za Nesi nilijua mambo. Kuku wangu wote walichomwa. Yule tetea, Minza alimchinja mwenyewe, akamzika, hakumla. Zizi lilifunguliwa dawa ya pili, ila kabla haijafika kifua cha Minza kilikuwa kimewaka moto, akalazwa siku tisa. Alitoka. Kipande cha chini cha pafu la kulia hakikutoka naye.

Wiki ya kumi na moja Minza alikuja.

Aliingia wodini saa za kuona wagonjwa, anasimama kila kitanda cha pili. Alikuja mikono mitupu. Msukuma haendi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Hata mwenye njaa atachuma majani ya maboga. Niliiona ile mikono kabla sijauona uso, nikaelewa kwamba ameipanga, ameitembeza mikono ile mitupu kutoka Nyamigolo mpaka mkoani, na kwamba ndiyo zawadi iliyonistahili.

Alikaa. Alikusanya pumzi, muda mrefu, kama mtu anayechota kisima kilichokauka. Akasema kitu. Niliona midomo. Neno moja, labda mawili. Akanitazama, anangoja.

Hapo nilikuwa na vile nilivyokuwa navyo siku zote: kutikisa kichwa, kutabasamu, kusema nimesikia. Ulimi ulishalishika lile neno. Nikimwomba arudie, namwomba pumzi, na pumzi ndiyo niliyomwibia.

"Sikusikia, Minza," nilisema. Sikujua nimesema kwa sauti kiasi gani. Wodi nzima iligeuka. "Nimekuwa kiziwi. Nilianza kuwa kiziwi miaka miwili iliyopita, nikaona haya kusema. Usirudie. Tunza pumzi yako."

 Kifua chake kilipanda na kushuka, nikakihesabu. Kisha akashika ukingo wa kitanda, akanyanyuka, akaniinamia mpaka nikahisi joto la mdomo wake kwenye sikio la kushoto, lile lililokuwa na uhai kidogo. Alipumua mara moja, mara mbili, mara tatu. Alikuwa anaitafuta ya kutosha.

"Sijakusamehe," alisema.

Akarudi kukaa. Jasho lilimtoka. Aliinua nyusi, kama tulivyokuwa tunaulizana ng'ambo ya mashine, kelele zilipokuwa nyingi.

"Nimesikia," nikamwambia.